Njoroge au Joroge? Historia ya majina yetu kwenye karatasi za serikali

Leo tunaacha kidogo mambo ya seva tuzungumzie jina. Yeyote aliyewahi kuunganisha orodha mbili za Wakenya kwenye hifadhidata anajua ninachosema. Orodha ya kwanza ina Njoroge, ya pili ina Joroge. Kitambulisho kinasema Muriithi, cheti cha shule kinasema Mureithi, na kadi ya ubatizo ikitafutwa sandukuni inasema Murithi. Sisi watu wa kompyuta hukimbilia kumlaumu aliyechapa. Tunaandika programu ya "kusafisha data", tunalala.

Mimi naona kosa la kuchapa ni sehemu ndogo tu ya habari hii. Sehemu kubwa ni historia ya zaidi ya miaka mia moja, na asiyeijua anaweza kuandika programu nzuri kabisa itakayomnyima mtu shamba la babake.

Tuanze na kipande. Sheria ya kuandikisha wenyeji ilipitishwa mwaka 1915, vita vikaichelewesha, ikaanza kutekelezwa kwa nguvu mwaka 1919 na 1920. Kila mwanamume Mwafrika aliyefikia umri wa miaka 16 alitakiwa kubeba karatasi yenye jina lake, kabila lake, alama za vidole na habari za mwajiri wake. Karatasi ilitiwa ndani ya kikebe cha chuma, na kikebe kikaning'inia shingoni. Wagikuyu walikiita mbugi, yaani kengele ya mbuzi. Harry Thuku na wenzake walipoanza kupaza sauti Nairobi mwaka 1921, kipande kilikuwa kati ya mambo ya kwanza waliyoyapinga.

Kwa mtu wa kompyuta, la kutazama ni hili: mkoloni mwenyewe hakuliamini jina. Aliliandika, ndiyo, lakini kilichomtambulisha mtu hasa ni nambari na vidole. Sababu yake si ngumu. Mgikuyu humpa mtoto jina la babu au la nyanya, kwa hivyo majina machache huzunguka kizazi baada ya kizazi. Ukiita "Kamau" katika shamba la kahawa la Kiambu wangegeuka wanaume kumi. Ukiuliza Kamau wa nani, utaambiwa wa Ngengi, na hilo "wa Ngengi" si jina la ukoo kama alivyolielewa Mwingereza. Ni jina la baba tu. Mtoto wa Kamau hatakuwa Ngengi ila kama ni zamu ya kumtaja babu huyo.

Na huyo Kamau wa Ngengi niliyemtaja mnamjua. Mwaka 1914 misheni ya Waskoti ilimbatiza, akataka kuitwa John Peter, ikaishia kuwa Johnstone Kamau. Baadaye akawa Johnstone Kenyatta, na kufikia mwaka 1938, alipotoa kitabu chake London, alikuwa Jomo Kenyatta. Mtu mmoja, majina chungu nzima, na hakuna hata moja lililokuwa la uongo. Jaribu kumtia mzee huyo katika safu tatu za jina la kwanza, jina la kati na jina la ukoo, kisha uniambie ni lipi limekaa wapi. Mrithi wake Daniel arap Moi ana shida yake: "arap" maana yake ni mwana wa, lakini nimeona mifumo inayoihesabu kuwa jina la kati.

Sasa tuje kwenye tahajia, ambapo ndipo penye utamu.

Gikuyu ina vokali saba. Alfabeti iliyoletwa na wamisheni ina tano. Waliosoma lugha hiyo kwa makini wakatatua jambo kwa kuweka kiwimbi juu ya herufi mbili, ĩ na ũ, na Wakamba nao wanazitumia. Ni suluhisho safi, ila taipureta ya ofisi ya D.C. haikuwa na kiwimbi. Basi karani mmoja akaandika herufi bila kiwimbi, na karani wa pili, aliyesikia kwamba ĩ inakaribia e, akaandika e. Ndiyo maana Gĩthĩnji ni Githinji kwa huyu na Gethenji kwa yule. Ndiyo maana Mũrĩithi, mchungaji, ana sura tatu au nne. Hakuna aliyekosea kusikia. Kila mmoja alipata herufi tano za kuandikia sauti saba, akachagua.

Kompyuta zilirithi umaskini huo huo. ASCII ya mwaka 1963 ni herufi za Mmarekani. Latin-1 iliyofuata iliwapa Wareno ã na õ zao, ikawapa Wahispania ñ yao, lakini ĩ na ũ zikabaki nje. Unicode ilipokuja mwaka 1991 zikapata makao, U+0129 na U+0169. Hata hivyo ũ inaweza kuandikwa kwa njia mbili: kama herufi moja, au kama u ya kawaida ikifuatwa na kiwimbi U+0303. Kwa macho ni kitu kimoja. Kwa programu isiyosawazisha maandishi kwanza, ni watu wawili.

Tuende Bonde la Ufa. Katika lugha za Wakalenjin hakuna tofauti ya maana kati ya p na b, k na g, ch na j. Anayesema jina hahisi amebadilisha chochote. Ni anayeandika ndiye anayelazimika kuchagua upande. Kwa hivyo Koskei na Kosgei ni jina moja. Tazama matokeo ya marathoni yoyote kubwa: Ruth Chepngetich, Peres Jepchirchir. Chep na Jep ni kiambishi kile kile cha jina la kike. Familia moja inaweza kuwa na binti wawili, mmoja kaandikishwa na mwalimu wa upande wa ch, mwingine na mwalimu wa upande wa j.

Kwa Wajaluo kuna dh na th, ndipo Odhiambo anapogeuka Othiambo au Odiambo. Pwani kuna jambo jingine kabisa, kwa sababu huko watu walikuwa wakiandika majina yao karne nyingi kabla ya karani wa Kiingereza kufika, ila waliandika kwa hati za Kiarabu. Jina lililokuwa na tahajia moja isiyo na shaka lilipohamishwa likawa Khamis, Hamisi na Khamisi; Fatma na Fatuma; Abdalla, Abdallah na Abdullah. Sheikh anayeandika cheti cha ndoa hufuata Kiarabu, mwalimu wa shule hufuata Kiswahili, na karani wa uhamiaji hufuata anachokiona kwenye fomu.

Wasomali ndio wamepata mchanganyiko mkubwa zaidi. Mwaka 1972 serikali ya Somalia ilichagua alfabeti ya Kilatini kuwa rasmi, na ndani yake x ni ile h nzito na c ni ile ayn. Mohamed akawa Maxamed, Ali akawa Cali. Upande wa Kenya, Garissa na Wajir, ofisi ziliendelea na tahajia za Kiingereza. Binamu wawili, mmoja Kismayu na mwingine Garissa, wanabeba jina la babu mmoja kwa herufi zisizofanana. Na hili si la mzaha, maana mwaka 1989 serikali ya Kenya iliwataka Wasomali wote nchini kupigwa msasa na kuthibitisha uraia wao, wakapewa kadi ya waridi. Kwa mtu wa huko, herufi moja kwenye karatasi imekuwa na uzito ambao mtu wa Nyeri hawezi kuukisia. Utaratibu wa ziada wa kuwachunguza waombaji vitambulisho wa kaskazini mashariki ulidumu hadi Februari 2025, Rais Ruto alipotangaza kuufuta.

Turudi kwenye karatasi zenyewe. Mwaka 1947 kipande kilibadilishwa kwa sheria ya kuandikisha watu wa rangi zote. Wanaume, lakini. Wanawake wa Kenya waliingizwa kwenye vitambulisho mwaka 1978 tu. Fikirini maana yake. Mama aliyezaliwa mwaka 1930 alikaa karibu miaka hamsini bila karatasi ya kitaifa yenye jina lake. Jina lake lilikuwepo mahali pamoja, kwenye vyeti vya watoto wake, kama muuguzi wa zamu alivyolisikia siku hiyo. Mtoto wa kwanza mama yake ni Wanjiru, wa tatu mama yake ni Wanjeru, wa sita mama yake ni Mary. Wote ni wa tumbo moja. Watoto hao wakisimama mbele ya hakimu kurithi, karatasi zao zinasema wana mama watatu.

Na hivyo vyeti vya kuzaliwa navyo ni vya juzi. Sheria yake ni ya 1928, lakini kuandikisha vizazi vya Waafrika kulienezwa wilaya kwa wilaya, na nchi nzima ikafikiwa mwaka 1971. Waliozaliwa kabla ya hapo walitegemea kadi ya ubatizo, kumbukumbu ya mwaka wa njaa fulani au rika fulani, na barua ya chifu. Vitambulisho vya kizazi cha pili vilipokuja mwaka 1995, watu wengi waliandikishwa upya kwa kadi ya zamani, na tahajia ya zamani ikasafiri nayo.

Mahali ambapo gharama ya haya yote huonekana waziwazi ni ardhi. Miaka ya 1950, wakati wa Hali ya Hatari, serikali iliunganisha vipande vya mashamba Mkoa wa Kati na kuviandikisha, kufuatana na mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954. Kazi ilifanywa mbiombio. Karani alikaa na daftari, mzee akataja jina, likaandikwa. Tuseme liliandikwa "Joroge s/o Kamao". Mwaka 1980 mzee huyo akapata kitambulisho kinachosema Njoroge Kamau. Akafa mwaka 1998, cheti cha kifo kikasema Peter Njoroge Kamau kwa sababu hospitali ilitumia jina la ubatizo. Wanawe wanakwenda kortini kutafuta urithi, na swali la kwanza wanaloulizwa ni: huyu Joroge ni nani? Mwenye shamba hayupo tena kujibu. Chifu aliyemjua naye hayupo. Aliyebaki ni binamu wa mbali ambaye pia analitaka shamba, na ghafla herufi n imekuwa hoja ya wakili wake.

Ndiyo maana mimi huwa sicheki ninaposikia mtu ametumia miezi mitatu "kutafuta herufi moja".

Sasa upande wetu wa programu. Wengi wetu tukikutana na tatizo hili tunafungua mwongozo wa PHP, tunaona soundex(), tunafurahi. Soundex ina historia yake. Robert Russell wa Pittsburgh alipata hataza yake Aprili 1918, ina maana ni rika moja na kipande. Inashika herufi ya kwanza ya jina, inatupa vokali, kisha inabadilisha konsonanti zinazofanana kuwa tarakimu, tatu basi. Wamarekani waliitumia katika miaka ya 1930 kutengeneza faharasa ya sensa ya 1880, kwa sababu sheria ya malipo ya uzeeni ya mwaka 1935 iliwataka wazee wathibitishe umri na wengi hawakuwa na cheti cha kuzaliwa. Unaona? Hata huko mzee alikuwa akitafutwa kwenye daftari la karani aliyesikia vibaya.

Shida ni kwamba Soundex ilifunzwa masikio ya Pittsburgh. Nilikaa nikakokotoa majina yetu kwa mkono. Wacira na Wachira zote ni W260, vizuri. Muriithi, Murithi na Mureithi zote M630, vizuri sana. Koskei na Kosgei K200, nikashangilia. Kisha nikakuta Koech naye ni K200. Njoroge ni N262 na Joroge ni J620, hawatakutana kamwe, kwa sababu herufi ya kwanza haiguswi. Jepkoech na Chepkoech hivyo hivyo, Hamisi na Khamis hivyo hivyo. Kamau, Kimeu na Koome ni K500 wote watatu: Mgikuyu, Mkamba na Mmeru katika kapu moja. Mohamed na Mahmoud ni M530, ingawa ni majina mawili tofauti, huku Maxamed, ambaye ndiye Mohamed hasa, akitupwa mbali kwenye M253.

La kutisha kuliko yote ni Hassan na Hussein. Wote H250. Jumuiya nyingi za Kiislamu hapa kwetu huwaita mapacha wa kiume Hassan na Hussein. Wana baba mmoja, mama mmoja, tarehe moja ya kuzaliwa, kijiji kimoja. Programu yako ya kuondoa waliorudiwa ikitumia Soundex pamoja na tarehe ya kuzaliwa na jina la baba, itamfuta pacha mmoja bila kusita, tena itaandika kwenye ripoti kwamba imesafisha.

Wengine watasema tutumie Levenshtein, kipimo cha Mrusi Vladimir Levenshtein cha mwaka 1965, kinachohesabu ni herufi ngapi zibadilishwe, ziongezwe au ziondolewe ili jina moja liwe jingine. PHP inayo pia. Njoroge hadi Joroge ni 1, safi. Hassan hadi Hussein ni 3, mapacha wamepona. Lakini Otieno hadi Atieno ni 1, na hao ni kaka na dada. Odhiambo na Adhiambo, 1. Wanjiru na Wanjiku, 1, na hizo ni koo mbili za binti wa Mumbi, si tahajia mbili. Wakati huo huo Chepkoech na Jepkoech, jina moja, wako umbali wa 2. Kipimo kinaona herufi, hakijui kwamba kwa Mjaluo O na A ya mwanzo ndiyo tofauti kubwa kuliko zote.

Halafu kuna ritifaa. Ng'ang'a ana ritifaa mbili, na kwa miaka mingi mfumo wowote ulioandikwa kizembe ulikuwa ukikatika mtu huyu alipojisajili, maana SQL inadhani ritifaa ni mwisho wa maneno. Badala ya kurekebisha programu, watu walimrekebisha Ng'ang'a. Aliambiwa aandike Nganga. Pasipoti nayo, kwenye ile mistari miwili ya chini inayosomwa na mashine, inaruhusu A hadi Z na tarakimu na alama ya kujazia, ritifaa hudondoshwa kwa kanuni za ICAO. Ongeza simu za siku hizi zinazogeuza ritifaa iliyonyooka kuwa iliyopinda, na sasa una Ng'ang'a wawili wanaofanana kwa macho na wasiolingana kwenye hifadhidata.

Dawa ya kisheria ipo, na ni ya karatasi. Kama ni tahajia tu, wengi huapa hati ya kiapo mbele ya kamishna wa viapo kwamba majina haya yote ni ya mtu mmoja. Kama jina lenyewe linabadilishwa, kuna hati ya kubadilisha jina inayosajiliwa na kutangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali. Cheti cha kuzaliwa kina mlango wake: sheria inampa mzazi miaka 2 tangu kuandikishwa kwa mtoto kuingiza jina lililobadilishwa. Ushauri wangu kwa anayeanza safari hii ni kuanzia kwenye karatasi inayozaa nyingine, yaani cheti cha kuzaliwa au kitambulisho, kisha kushuka. Ukianza na cheti cha KCSE utarudishwa. Na kama mzazi wako yu hai na ana hati miliki ya miaka ya hamsini, mwombe aape yeye mwenyewe sasa. Kiapo cha mwenye jina ni rahisi, cha wajukuu ni kesi.

Mradi wa Huduma Namba wa mwaka 2019 ulitarajiwa kumaliza mambo haya kwa nambari moja; Mahakama Kuu iliuwekea masharti Januari 2020, na Oktoba 2021 ikasema kadi zake zilitolewa kinyume cha sheria kwa kuwa athari kwa data za watu hazikupimwa kwanza. Maisha Namba iliyoanza mwishoni mwa 2023 inakusudia mtoto apewe nambari anapozaliwa. Nambari itasaidia. Ila itaunganisha rekodi zilizoandikwa kuanzia sasa. Daftari la 1958 halina nambari ya mtu yeyote.

Kwa upande wetu, nimeacha kabisa safu ya "jina sahihi". Jina huhifadhiwa kama lilivyo kwenye kila hati, pamoja na aina ya hati na tarehe, katika jedwali lake, na mtu mmoja anaweza kuwa na safu mlalo tano. Hakuna inayofutwa. Kwa kutafuta nina kanuni ndogo za kila eneo: ch na j ni kitu kimoja kama jina linaanza na Chep au Jep, kh na h ni kitu kimoja pwani, e na i, o na u hulegezwa kwa majina ya Gikuyu, Kikamba na Kimeru, n ya mwanzo mbele ya j, d na g ni ya hiari, x na c za Kisomali zinageuzwa kwanza. O na A za Kijaluo haziguswi. Na matokeo yake ni pendekezo tu: programu inasema "huenda hawa ni mmoja", binadamu anaitazama hati na kubonyeza.

Kwa Hassan na Hussein sikuweka kanuni. Niliweka onyo jekundu linalozuia kuunganisha rekodi mbili zenye tarehe moja ya kuzaliwa na mama mmoja mpaka alama za vidole zisomwe.